Neno Lililo Kwenye Mstari Mmoja

Juzi, Matemwe Kijini, kijana ninayemfundisha kompyuta alikwama. Mtandao umekatika tangu alasiri, maji yamejaa, kina mama wamesharudi kutoka kwenye mwani, naye anataka kufuta mafaili kwa amri asiyoijua jina. "Maalim, tungoje intaneti irudi?"

Hakuna haja. Kompyuta ya Linux kwa kawaida hubeba mwongozo wake wenyewe, desturi iliyoanza na mwongozo wa Unix wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, Novemba 1971. Ukijua jina la amri, unaandika man na jina hilo. Usipolijua, unaandika man -k na neno linaloeleza kazi unayoitaka. Amri ya apropos hufanya vilevile.

Akaandika man -k delete. Zikaja tr, userdel, shred na nyingine. Ile ya kufutia mafaili, rm, haikuwamo.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kosa si lao. Utafutaji huu haupekui ukurasa mzima. Hutazama jina la amri na mstari mmoja wa maelezo yake tu, na mstari wa rm unasema "remove files or directories". Anayetafuta "wamekimbia" kwenye W ya kamusi hatalipata. Limekaa kwenye K. Kwa hiyo ulizia neno la mwandishi, si lako. Kwetu ni kazi mara mbili, maana mwandishi kaandika Kiingereza. Nawaambia wanafunzi waweke daftari: futa ni remove, nakili ni copy, bana ni compress. Tafuta ina mtego: find imeandikiwa "search", lakini grep, inayotafuta maneno ndani ya mafaili, mstari wake una "print" na "match".

Majibu yakizidi, apropos -a remove file hudai maneno yote mawili, na -s 1 hubakisha amri za kawaida. Neno la kila siku likijibiwa "nothing appropriate", huenda faharasa haijajengwa. Amri ya sudo mandb huijenga. Ipo pia man -K, kwa herufi kubwa, inayopekua kurasa zote neno kwa neno, ila polepole.

Kijana akajaribu remove, rm ikatokea. Akaufungua ukurasa, akaandika /prompt kutafuta neno hilo ndani yake, akabonyeza n mpaka akafika kwenye -i, chaguo la kuulizwa kabla ya kufuta. Nilimsisitizia asome hapo, kwa sababu rm haina pipa la taka la kurudishia kitu. Akaandika rm -i na majina ya mafaili, kompyuta ikaanza kumuuliza, faili baada ya faili.