Walishuka zama za Kikwete, wakapanda zama za Magufuli

Watu watano walishuka mgodini Kikwete akiwa Rais, wakatolewa Magufuli akiwa Rais. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilifunga juu yao tarehe 5 Oktoba 2015 huko Nyangarata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Tarehe 25 nchi ikapiga kura, matokeo yakatangazwa, na tarehe 5 Novemba mtoto wa Chato akaapishwa. Ulikuwa umepita mwezi mmoja kamili tangu mwamba uporomoke, nao wako chini gizani, hawajui nchi imempata nani. Walitolewa tarehe 15 Novemba. Ilikuwa siku ya 41.

Habari ile ilizunguka dunia. Kila ilipopita ilipunguka, na ilipofika kwetu Mombasa ilikuwa imebaki mende na vyura tu. Ami yangu alinipigia simu akitaka kujua kama ni kweli huko niliko watu hula mende. Sikumlaumu. Gazeti lililomfikia lilikuwa limeiweka kwenye ukurasa wa visa na vituko, pamoja na ng'ombe mwenye vichwa viwili na mzee aliyeoa akiwa na miaka tisini. Watano wale walikuwa wameishi kwa mizizi, wadudu na maji machafu yaliyochuruzika kutoka juu. Wenzao walikuwa wameshawahesabu miongoni mwa wafu, mpaka wachimbaji waliposikia sauti kutoka chini. Mmoja wa watano hao alifariki hospitalini siku chache baada ya kutolewa. Hilo la mwisho ami hakulisoma popote.

Mimi nilikuja Kahama kwa kazi ya malori. Mzigo wa Rwanda na Burundi hupitia huku, bandari kavu ya Isaka iko jirani, na kampuni ilitaka mtu anayezijua karatasi za bandarini. Nilidhani nitakaa kidogo tu. Sasa nimezoea salamu za mwangaluka asubuhi na mwadila jioni, nimezoea kumwona dada wa dukani akipiga goti kidogo anapompokea mkubwa wake, na nikienda likizo Mombasa nabeba michembe ya viazi kwenye mfuko kama mtu aliyezaliwa Usukumani. Lakini mgeni hubaki mgeni kwa jambo moja: jamaa zako wa kwenu hukufanya msemaji wa kila kituko kinachotokea unakoishi. Kwa hiyo nimeulizwa kuhusu dhahabu, kuhusu waganga, kuhusu ngoma za kucheza na nyoka, na kila nikijibu nagundua kwamba waliouliza wanataka kushangaa, hawataki kujua.

Mji wenyewe haushangai. Kahama ni mji wa mchele, wa bajaji, wa magunia na wa madereva wanaosubiri simu ya tajiri. Katikati ya hayo yote wanapita vijana wenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kila mfanyabiashara anajua kuwasoma. Kukisikika kwamba mgodi fulani umetema, nyumba za wageni zinajaa kwa usiku mmoja, bodaboda zinapanda bei, na wauza nyama, wauza mitumba na mawakala wa pesa za simu wanahamia porini kabla hata serikali ya kijiji haijapata habari. Hiyo ndiyo rashi. Mgodi ukikata, kijana yuleyule aliyenunua pikipiki mwezi uliopita anarudi mjini kuiuza kwa nusu ya bei. Hakuna anayemcheka, kwa sababu kila ukoo hapa una mmoja kama yeye.

Mtu wa pwani hudhani mchimbaji analipwa mshahara. Sivyo. Mwenye duara anatoa chakula, kamba, matimba ya kuzuia kuta na mashine ya kupuliza hewa, na vijana wanatoa nguvu. Wanaweza kuchimba miezi wakila ugali na dagaa tu bila senti mfukoni, wakisubiri siku ya mawe. Mawe yakipatikana yanagawanywa kwa mifuko: ya mwenye duara, ya mwenye leseni, ya wachimbaji. Kila mmoja anapeleka fungu lake kwenye karasha kusagwa, kisha mwaloni kuoshwa na kukamatishwa kwa zebaki, na hapo ndipo anapojua kama miezi yake ilikuwa na thamani. Tangu soko la kwanza la madini lilipofunguliwa Geita tarehe 17 Machi 2019, kipande kile kina mahali halali pa kupimwa na kuuzwa, na bei inajulikana. Ni hatua kubwa, na nimewasikia wachimbaji wakiisifu kwa dhati. Lakini mzani wa sokoni unapima kilichotoka tu. Aliyetoka nacho hapimwi popote.

Kwa nini maduara yanaporomoka? Nimewauliza wazee wa kazi hii, na majibu yao hayana siri yoyote. Mvua hulainisha udongo wa juu. Matimba huoza yasipobadilishwa. Ndani ya mgodi huachwa nguzo za mwamba zibebe dari, na mara nyingi nguzo hizo ndizo zenye dhahabu, kwa hiyo siku ambayo mawe yamekuwa haba kuna mtu atakayeanza kuimega nguzo. Halafu kuna mtobozano: maduara yamechimbwa karibukaribu, kila moja na mwenyewe, huku chini yanakutana, na baruti ya huyu inatikisa dari ya yule. Hakuna linalohitaji mganga wa kulieleza.

La matimba linahitaji neno zaidi. Matimba hukatwa porini, na Shinyanga ni nchi iliyowahi kukatwa miti mpaka ikatisha. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, kisha pamba, mifugo na kuni zikamalizia. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kulitenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike mpaka majani na miti virudi. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakarejea kuwa kijani, na mradi ule ukajulikana duniani. Wenyeji waliweza kulifufua pori kwa kukubaliana tu kwamba eneo hili lisiguswe mpaka wakati fulani. Ndiyo maana siwasikilizi wanaosema kwamba wachimbaji wadogo hawawezi kukubaliana juu ya nguzo isiyoguswa. Hao wachimbaji ni wajukuu wa watu waliolinda ngitili.

Ami alipomaliza habari ya mende nilimuuliza kama anakumbuka Chile. Alikumbuka sana. Tarehe 5 Agosti 2010 wachimbaji 33 walifukiwa katika mgodi wa San José, karibu na Copiapó, kiasi cha mita 700 chini ya ardhi. Siku ya 17 keekee iliwafikia, na kupitia tundu lile jembamba wakapata maji, chakula, dawa na barua za wake zao. Siku ya 69 walipandishwa mmoja mmoja ndani ya chombo kilichoitwa Fénix, Rais Sebastián Piñera amesimama pale pale akiwapokea, na televisheni za dunia nzima zikirusha moja kwa moja. Ami alikesha akitazama. Baadaye ikatengenezwa filamu, The 33, iliyoanza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 13 Novemba 2015. Siku mbili baadaye watano wa Nyangarata wakatolewa shimoni.

Sitaki kulinganisha mateso ya watu. Wa Chile walistahili kila chozi lililomwagwa kwa ajili yao. Ninachosema ni kwamba wale wa Chile dunia iliwajua kwa majina, kwa watoto wao, hata kwa timu walizoshabikia, na wa kwetu ikawajua kwa walichokula. Mtu anayekaa siku 41 bila mwanga, bila tundu la kupitishia chakula, bila hata uhakika kwamba kuna anayemtafuta, na bado akabaki na sauti ya kuita mpita njia, amefanya kazi kubwa kuliko yoyote ninayoijua. Nikisoma habari hiyo chini ya picha ya ng'ombe wa vichwa viwili moyo unaniuma hadi leo.

Si mara ya kwanza mkoa huu kusifika kwa kitu badala ya mtu. Mgeni mwingine alifika Shinyanga kabla yangu, akabaki hadi kufa: John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliyeipata almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 ilitoka Mwadui almasi ya waridi yenye karati 54.5, naye akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia katikati ya ua la kubandika kifuani. Malkia aliivaa kwenye shughuli nyingi, kamera za dunia zikiitazama. Jiwe lile lina historia iliyoandikwa kwa uzito wa karati na kwa jina la fundi. Mkono ulioliokota haukuingia kwenye habari.

Mambo hayajabaki mwaka 2015. Tarehe 11 Agosti 2025, katika mgodi wa Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifukiwa. Wachache waliokolewa mapema, na kazi ya kuwatafuta waliobaki iliendelea kwa wiki kadhaa, mitambo ikichimba na ndugu wakiwa wamekaa pembeni. Miezi miwili baadaye bei ya dhahabu duniani ilipita dola 4,000 kwa wakia. Bei ikipanda hivyo, maduara yaliyoachwa kwa kuogopwa yanafunguliwa tena, na nguzo zinaanza kumegwa. Hapa Kahama unaiona kwa macho: maduka ya kamba na tochi yana foleni, na vijana wanashuka kwenye mabasi ya Kigoma na Tabora na begi moja mgongoni.

Vijana hao wakifika machimboni wanapewa majina mapya. Mmoja anaitwa Mrundi ingawa ni Mha wa Kasulu, mwingine anaitwa kwa jina la mchezaji mpira. Wanashuka kwa zamu, usiku na mchana, wengine wanabadilishana zamu kienyeji bila kumwambia msimamizi. Duara likifunga, saa za kwanza zinapotea kwa kuulizana ni wangapi walikuwa chini na ni akina nani, na ndiyo maana hesabu ya ajali hubadilika kila redio inaposoma taarifa. Nimemwona mama lishe mmoja wa machimboni ambaye daftari lake la madeni lilikuwa na mpangilio mzuri kuliko karatasi zozote za mgodi ule: jina la kijana, jina alilopewa na wenzake, simu ya nyumbani kwao, sahani alizokula, siku aliyoahidi kulipa. Aliandika hivyo kwa sababu hela yake imo mle.

Mwenye duara naye ana mali yake mle. Msimamizi anayehesabu mifuko inayopanda anaweza kuwahesabu watu wanaoshuka, kwa kalamu ileile, jina halisi na simu ya ndugu, asubuhi na jioni, kabla ya kamba kulegezwa. Wakaguzi wa madini wakifika kuuliza leseni, waliombe na daftari la majina hayo. Lisipokuwepo, zamu isishuke.