"Kufungua" na "Kufunga" katika Maelekezo ya Umeme wa Magari

Katika miezi ya kaskazi joto la pwani ya Tanga huambatana na unyevu wa bahari, na dereva wa lori anayesubiri zamu yake bandarini, au mpakani Horohoro, mara nyingi hulala ndani ya gari lake. Kwa sababu hiyo baadhi ya malori siku hizi hutiwa kiyoyozi kinachotumia betri, ili injini isingurume usiku kucha. Kifaa hicho kina raha yake na kina hatari yake: kikiachwa bila msimamizi kitaimaliza betri, na alfajiri gari halitawaka. Ndipo unapohitajika mfumo wa usimamizi wa nishati, yaani kisanduku kinachopima volteji ya betri na kukizima kiyoyozi kabla akiba haijashuka mno.

Tuliletewa, ili tuisahihishe, tafsiri ya kurasa mbili zinazoeleza namna ya kuunganisha nyaya za kisanduku kama hicho. Kiswahili chake kilikuwa fasaha, wala hatukuwa na mengi ya kugusa. Sentensi moja tu ndiyo iliyotufanya tuweke kalamu chini: "Volteji ikishuka, rilei ifunguke."

Ili msomaji aone ubaya wa sentensi hiyo, yafaa kwanza tueleze kazi ya rilei. Kiyoyozi cha volti 24 huweza kuvuta makumi ya ampea, ilhali waya mwembamba unaotoka kwenye kisanduku hubeba sehemu ndogo tu ya ampea moja. Mkondo mdogo hauwezi kulisha kifaa kikubwa, bali waweza kukiamuru. Basi kati yao huwekwa rilei iliyo nene ya kutosha. Ndani yake mna koili. Mkondo mdogo unapopita, koili hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na miguso miwili hukutana. Hapo ndipo mkondo mkubwa hutoka kwenye betri, ukapita katika fyuzi na miguso hiyo, ukafika kwenye kiyoyozi. Katika rilei za kawaida za magari, zinazofuata kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552, miguu ya koili huandikwa 85 na 86, na mguu unaopokea umeme wa betri huandikwa 30. Mguu wa 87 huwa umeachana na wa 30 mpaka koili ipate umeme. Mguu wa 87a ni kinyume chake: huwa umegusana na wa 30 mpaka koili ipate umeme.

Sasa tuirudie sentensi yetu. Mfasiri alifuata Kiingereza, ambamo njia ya umeme iliyofunguliwa ni iliyokatika, na iliyofungwa ni iliyounganika. Lakini Mswahili akifungua bomba, maji hutoka; akifungua redio, huimba; akifungua duka, wateja huingia. Kwake kufungua ni kuruhusu, na hata kile kinachowasha gari hukiita ufunguo. Tena kuna maana ya tatu. Fundi wa Ngamiani akisema "nimefunga rilei" hazungumzii mkondo hata kidogo. Maana yake ameiweka mahali pake na kuikaza kwa skrubu.

Fundi huyo akisoma kwamba volteji ikishuka rilei "ifunguke", ana haki ya kufahamu kwamba hapo ndipo umeme upite, naye ataunganisha kiyoyozi kwenye mguu wa 87a. Matokeo yake yatakuwa haya: betri ikiwa imejaa, kisanduku kitaamuru na kiyoyozi kitanyamaza, betri ikichoka, kisanduku kitaacha kuamuru, miguso itakutana, na kiyoyozi kitaanza kunywa akiba ile ile iliyokusudiwa kulindwa. Fyuzi ya kisanduku ikiungua, kiyoyozi kitakwenda bila msimamizi hadi asubuhi.

Wako watakaotujibu kwamba kila fani ina lugha yake, na kwamba fundi hana budi kujifunza kuwa kwa wana-umeme "kufunguka" ni kukatika. Darasani hoja hiyo inakubalika, maana yupo mwalimu wa kuulizwa. Lakini karatasi ya maelekezo husomwa na mtu aliyelala chini ya gari, tochi mdomoni, peke yake.

Sisi tunaoshughulikia istilahi tumezoea kutafuta majina ya vitu na kuwasahau vitenzi. Kuhusu miguso ya rilei tunapendekeza vitenzi viwili ambavyo havina mgogoro: kukutana na kuachana. Tulijaribu kuviundia majina mafupi, tukayaona makavu. Afadhali sentensi iwe ndefu kidogo. Jambo la lazima ni kutaja kila mara hali ya koili, kama ina umeme au haina, na kuandika namba ya mguu. "Kufunga" liachiwe kazi ya kuweka kifaa, ambayo mafundi wamekwisha kulipa.

Katika karatasi ile ile tulikuta mambo mengine madogo. Rilei iliitwa "kipokezi", bila shaka kwa kukumbuka mbio za kupokezana vijiti. Lakini kipokezi ni kifaa kinachopokea, na rilei imekwisha kuzoeleka. Kiyoyozi kiliitwa "mzigo", kama wana-umeme wanavyokiita kila kitumiacho umeme. Katika gari la abiria hilo lingepita. Katika lori, "punguza mzigo" ni kumwambia dereva ashushe marobota ya mkonge. Tuliandika "kiyoyozi" tu.

Neno "kiwango" nalo lilibeba mawili. Kiyoyozi kikizimwa, volteji ya betri hupanda yenyewe kidogo hata bila kuchajiwa. Kama kisanduku kingetumia kipimo kimoja kwa kuzima na kuwasha, rilei ingekuwa inacheza usiku kucha. Kwa hiyo hupangwa vipimo viwili, navyo tumeviita kiwango cha kukata na kiwango cha kurejesha. Cha kurejesha huwekwa juu, mahali ambapo betri haifiki ila injini inapoichaji, kwa kuwa betri za volti 24 zilizojaa na kupumzika hupima kama volti 25.4, na injini ikiwaka hupanda hadi karibu 28.

Mahali pa sentensi ile ya kwanza tuliandika hivi: "Volteji ya betri ikishuka hadi kiwango cha kukata, kisanduku huondoa umeme kwenye koili, mguso wa 30 na wa 87 huachana, na kiyoyozi huzimika." Mwenye karatasi alilalamika kwamba imekuwa ndefu. Tulipunguza herufi za kichwa cha habari, ikaenea.