Neno NET katika Bidhaa Uzinunuazo

Neno NET huchapishwa katika vifungashio vingi viuzwavyo madukani Masoko na Tukuyu: pakiti za majani ya chai, mifuko ya sukari, mifuko ya mbolea. Kwa kuwa ni neno la Kiingereza, walaji wengi hulipita bila kulisoma. Tumeona ni vyema kulifafanua.

Maana tuliyoizoea ni ya kitu kilichofumwa kwa nyuzi: neti ya mbu, neti ya goli. NET ya kwenye kifungashio ni neno jingine, ijapokuwa tahajia ni moja. Liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, na maana yake ya asili ni "safi". Hivyo hutaja kinachobaki baada ya kuondoa kisichohusika. Katika hati ya mshahara, ni fedha inayobaki baada ya kodi na makato mengine.

Kwa bidhaa, NET ni uzito halisi wa kilichomo, bila kifungashio. GROSS ni uzito wa jumla, pamoja na kifungashio. Pakiti iliyoandikwa NET 500 g, ikipimwa ikiwa bado imefungwa, haina budi kuzidi gramu 500. Ikisoma 500 kamili, bidhaa iliyomo haifiki kiasi ulicholipia.

Maana hiyo humfaa pia mkulima anayeuza. Tuchukue mfano wa kreti tupu yenye kilo 2, ambayo ikijazwa parachichi hufikia kilo 22. Uzito halisi ni kilo 20, nao ndio wa kulipiwa. Mnunuzi akikata kilo 3 kwa ajili ya kreti, mkulima hupoteza kilo 1. Kwa kreti 40, hupoteza kilo 40.

Kwa hiyo, tunakushauri:

1. Soma tarakimu inayoandamana na neno NET kabla ya kulipa.
2. Linganisha bei kwa uzito halisi, si kwa ukubwa wa kifungashio.
3. Hakikisha mizani inaanzia sifuri.
4. Unapouza mazao, omba kreti tupu ipimwe kwanza mbele yako.
5. Ukitilia shaka kipimo, hifadhi kifungashio na risiti, kisha toa taarifa kwa Wakala wa Vipimo, unaosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.