Kichocheo: Kutoka Kimea cha Ulezi hadi Maganda ya Korosho

Kichocheo ni kitu kiharakishacho mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kumalizika. Wapishi wa pombe ya ulezi huko Laela, katika uwanda wa juu wa Ufipa, hukitumia kila watiapo kimea. Ndani ya mbegu iliyochipua mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huvunja wanga kuwa sukari. Mwanafunzi na agawe uji mzito ulio vuguvugu katika vikombe viwili, kisha atie unga wa kimea katika kimoja tu. Baada ya muda uji huo utakuwa mwepesi na mtamu. Ule wa pili utabaki mzito.

Hata hivyo, kimeng'enya kilichokwisha kuchanganyika na uji hakitolewi tena kwa urahisi. Katika maabara, ambamo kichocheo huweza kuwa paladiamu, metali adimu na ya ghali, hasara ya namna hiyo ni kubwa. Egid Mubofu, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilishughulikia tatizo hilo. Mwaka 2001, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alieleza paladiamu iliyofungwa juu ya chembe za silika. Iliunganisha molekuli za kaboni, kisha ikachujwa na kutumika tena.

Baadaye Mubofu na wenzake waligeukia maganda ya korosho, yanayohesabiwa kuwa takataka. Mafuta yake yakawa kalibu ya kuundia silika yenye vitundu vidogo mno, ifaayo kubebea vichocheo. Basi, nchi iuzayo korosho ghafi huuza na malighafi hiyo.