Samaki mkali: ni tabia yake, ao ni kioo?



Mwenzetu mmoja aliyeko Ubelgiji ameweka akwariomu ya maji ya chumvi nyumbani kwake, na ameniuliza kwa nini samaki wazuri vile wanauana. Alianza na mmoja mdogo wa bluu. Kila aliyekuja nyuma alipigwa mpaka mapezi yakachanika. Muuzaji alimjibu tu: "Ile ni aina kali." Jibu hilo ni nusu, na nusu ingine ndiyo nataka tuongelee.

Mwaka wa 1963, Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, alitoa kitabu juu ya ukali wa wanyama, na mifano yake ya kwanza ilikuwa samaki wa miamba ya matumbawe. Aliona kwamba samaki wa rangi za kuwaka anaacha jirani wa aina ingine apite, lakini wa aina yake mwenyewe anamrukia. Mantiki iko: anayefanana nawe ndiye anakula chakula chako, anataka pango lako na bibi yako. Ndiyo maana ukinunua samaki wawili wa umbo moja na rangi moja, hata kama hawana undugu wa karibu, unaweza kuwa umenunua vita.

Lakini baharini vita ile inaisha haraka. Mwenye eneo anafukuza, mgeni anakimbia mita chache, anatoka nje ya mpaka, kila mmoja anarudi kwa shughuli yake. Sasa ndani ya lita 200 mgeni anakimbilia wapi? Anafika pembeni, anagonga kioo, na bado yuko ndani ya eneo la mwenzake. Kwa macho ya yule mkali, huyu amekataa kutoka. Basi anaendelea kumpiga. Samaki hajabadilika hata kidogo. Pa kukimbilia ndipo pameondolewa.

Wale wadogo ambao Wafaransa wanaita demuazeli ni wabaya zaidi kwa hiyo. Bei yao ni ndogo, hawafi ovyo, kwa hiyo watu wanawanunua wa kwanza. Samaki wa sentimita chache tu anakuta akwariomu tupu, anaichukua yote kuwa shamba lake. Wapasuaji nao, wenye kisu kikali pande mbili za shina la mkia, wamezoea kuogelea mbali. Ukiwafungia padogo, kisu kile kinapata kazi.

Klauni, yule wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, iko na siasa yake. Ndani ya anemoni moja, mkubwa kuliko wote ni jike, wa pili ni dume, wengine wadogo hawazai, wamepanga foleni kwa ukubwa. Jike akifa, dume anageuka jike na wa tatu anapanda cheo. (Ndiyo, baba wa Nemo, ku filamu ya 2003, angegeuka mama.) Yule wa tatu anajizuia hata kukua, ili asionekane kama mshindani. Nyumbani, wawili wanatosha. Wa tatu mara nyingi anapigwa mpaka anakufa.

Sisi wa Tanganyika tuko na mfano wetu. Tropheus, anayekwangua mwani juu ya mawe kuanzia Uvira mpaka Moba, si wa maji ya chumvi, lakini wafugaji wa Ulaya wanamjua kwa ukali. Ukiweka wanne, mkubwa anachagua mnyonge mmoja na kummaliza. Wafugaji wanaweka 15 ao 20 pamoja: mapigo yanagawanyika, hakuna anayebeba yote. Samaki ni yuleyule, damu ni ileile, ila hesabu imebadilika.

Nasimama hapo kidogo juu nasikia ku mabishano yetu: "kabila fulani ni kali kwa damu." Lorenz naye, ndani ya kitabu kilekile, aliruka kutoka kwa samaki mpaka kwa watu, na alikuwa ameingia chama cha Wanazi mwaka wa 1938. Kama kwa Tropheus neno "asili" halitoshi mpaka uhesabu wangapi wako ndani, mimi siwezi kulikubali kwa jirani yangu bila kuuliza nani alichora mipaka ya shamba.

Turudi kwa maji. Mwenye shida kama ile amtoe yule mkali siku kadhaa, ahamishe mawe yote ili mipaka ya zamani ipotee, aingize wageni, halafu amrudishe wa mwisho. Wengine wanaweka mgeni ndani ya kisanduku chenye matundu ili wazoeane kwa macho kwanza. Na kuna wanaobandika kioo cha kujitazama upande wa nje: mkali anashinda akipigana na sura yake, huku wageni wakitafuta mapango.