Nyota Mpya, Hofu ya Zamani

Kila jambo kubwa linapotokea duniani, hakosekani mtu wa kutuambia kwamba lilikwisha kuandikwa kwenye nyota. Vita ikizuka, ugonjwa ukienea, kiongozi akifariki, tafsiri hufika upesi hadi sokoni Kirumba na kwenye mabenchi ya kliniki zetu. Na wataalamu wakitangaza kwamba wameona kitu kipya angani, hofu huongezeka maradufu.

Mwaka 2025 ilikuwa hivyo. Tarehe 1 Julai darubini iliyoko nchini Chile iliona nyota yenye mkia iliyotoka nje kabisa ya jamii ya jua letu. Ilipewa jina 3I/ATLAS, nayo ilikuwa kitu cha tatu kutoka nje ya jamii hiyo kujulikana, baada ya vile vilivyoonekana mwaka 2017 na 2019. Ilipofika karibu zaidi na dunia, mwezi Desemba, ilikuwa bado mbali nasi kwa zaidi ya kilometa milioni 250. Hata hivyo, tulisikia watu wakisema imeleta ujumbe wa vita, wengine wakisema ni mwisho wa dunia.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kujitolea kanisani hapa Mwanza tumeona ni vema tulizungumze jambo hili kwa utulivu. Hatuna nia ya kumcheka mtu. Tumeona tu, majumbani na wodini, kwamba hofu ya nyota ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mama au mtoto.

KUTAZAMA MBINGU SI KOSA

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwa Kiswahili huitwa kwa jina moja. Neno unajimu hutumika kwa elimu ya kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota, na pia kwa kazi ya kutabiri bahati ya mtu kwa kutumia hizo nyota. La kwanza ni hesabu. La pili ni uaguzi.

Watu wa Ziwa Victoria wanaijua vizuri hesabu ya mbingu. Wavuvi wa dagaa huenda na taa zao ziwani usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, nao hupumzika na kushona nyavu. Hakuna siri hapo. Wakulima wa zamani nao walitazama kundi la nyota liitwalo Kilimia, ambalo jina lake lenyewe linatukumbusha kulima, wakajua majira. Kilimia kimetajwa hata katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38.

Hesabu hiyo ina sifa moja kubwa: inaweza kuhakikiwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa na kubaki kama pete. Siku ile ilikuwa imejulikana miaka mingi kabla, nayo haikuchelewa. Hapa Mwanza tuliona sehemu tu ya jua ikifunikwa. Kama wauguzi, kazi yetu ilikuwa kuwasihi watoto wasilitazame jua kwa macho matupu, maana miale yake huunguza sehemu ya ndani ya jicho bila mtu kusikia maumivu.

Mnajimu wa bahati hana kipimo kama hicho. Akisema mwezi huu kutakuwa na msiba wa mtu mashuhuri, ni mwezi gani duniani usio na msiba wa namna hiyo?

MAANA HUTOKA WAPI?

Wengi tumezoea kuona magazetini zile nyota kumi na mbili, kuanzia Punda hadi Samaki. Mpango huo ni wa kale sana, na ulijengwa juu ya jua, mwezi na sayari tano zinazoonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Basi ilikuwaje zilipogunduliwa nyingine?

Tarehe 13 Machi 1781, huko Bath, Uingereza, William Herschel aliona sayari ambayo haikuwamo katika hesabu za wanajimu. Alitaka iitwe kwa jina la Mfalme George wa Tatu. Baadaye watu wakakubaliana kuiita Uranus. Dada yake, Caroline Herschel, ambaye alipata homa kali ienezwayo na chawa, yaani taifasi, akiwa mtoto wa miaka kumi na kubaki mfupi maisha yake yote, alimsaidia kaka yake kazi hiyo ya usiku, kisha yeye mwenyewe akagundua nyota zenye mkia, ya kwanza mwaka 1786. Akina mama tulijue jina hilo na tuwasimulie binti zetu.

Mwaka 1930 huko Marekani, Clyde Tombaugh aligundua Pluto. Jina lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney, alipokuwa mezani na babu yake wakipata kifungua kinywa. Pluto alikuwa mungu wa kuzimu katika hadithi za Warumi. Hazikupita siku nyingi wanajimu wakaanza kufundisha kwamba sayari hiyo hutawala mauti na maangamizi. Tufikiri pamoja: kama yule binti angependekeza jina la mungu wa mavuno, je, leo tungeambiwa kwamba Pluto huleta shibe?

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2005 Mike Brown na wenzake walitangaza mwili mwingine wa mbali, unaolizunguka jua kwa zaidi ya miaka 550. Wao wenyewe waliuita kwa utani Xena, jina la mwanamke shujaa wa mchezo wa televisheni. Mwaka 2006 ukapewa jina rasmi, Eris, mungu wa kike wa ugomvi kwa Wagiriki wa kale. Tangu hapo wako wanaosema kwamba Eris ndiyo inayogombanisha mataifa. Mwaka huohuo wa 2006, mkutano wa wanafalaki mjini Prague uliamua kwamba Pluto isihesabiwe tena kuwa sayari kamili. Lakini wanajimu hawakuiondoa katika utabiri wao.

Somo ni jepesi. Maana haikutoka mbinguni kushuka kwetu. Ilitoka kwetu, kwa majina tuliyoyachagua, ikapandishwa mbinguni, kisha ikarudishwa kututisha.

UTABIRI ULIPOPIMWA

Mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson wa Marekani. Wanajimu 28 walishiriki. Kila mara walipewa chati ya kuzaliwa ya mtu mmoja na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yapi ni ya mwenye chati. Wao wenyewe waliamini watapata angalau nusu. Walipata takriban theluthi moja, sawasawa na mtu anayebahatisha.

Hapa nyumbani hakuna mnajimu aliyejulikana kuliko marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwezi Mei 2011. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010 alitabiri kwamba mwana CCM atakayeshindana na Rais Jakaya Kikwete kuwania uteuzi wa chama atakufa ghafla. Hakuna aliyejitokeza kushindana naye ndani ya chama. Hatuwezi kusema kwamba utabiri ndio ulikuwa sababu. Tunasema tu kwamba utabiri wa kutisha una hila hii: watu wakiuogopa, hauwezi tena kupimwa. Nao wenzetu Waislamu wanajua kwamba masheikh wengi hukataza uaguzi, kwa hiyo hili si suala la dini moja dhidi ya nyingine.

Sisi tunaozalisha tuna kipimo chetu. Usiku mmoja katika wodi huzaliwa watoto wawili kwa saa ileile, vitanda vinapakana, nyota zao ni zilezile. Mmoja ana kilo tatu na nusu, mwingine hafikishi kilo mbili. Tukisoma kadi za mama zao tunaona tofauti: huyu alihudhuria kliniki tangu mapema, yule aliugua malaria mara mbili bila dawa. Kadi ya kliniki inatueleza jambo ambalo anga haikutueleza.

ZIWA LETU LINATUFUNDISHA

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Wengi wamelala Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101.

Katika misiba mikubwa kama hiyo moyo hutafuta sababu kubwa. Mwenye uchungu anayeuliza kwa nini, tusimkemee. Tukae naye tulie naye. Lakini tukikubali kwamba ilikuwa nyota mbaya, hakuna atakayehesabu abiria safari ijayo. Nyota haiwezi kuitwa mbele ya tume. Anayejaza watu kupita kiasi anaweza kuitwa.

GHARAMA YAKE NYUMBANI

Katika kutembelea wagonjwa tumemkuta mama mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kikimgonga, akisubiri siku njema. Alikuwa ameambiwa kwamba nyota yake imefunikwa na kwamba asivuke barabara kubwa kabla ya mwezi kuandama. Fedha za nauli zilikuwa zimekwenda kusafisha nyota. Tunashukuru kwamba mume wake alisikiliza, wakaenda hospitali usiku uleule. Kifafa cha mimba hakingoji mwezi.

Na iko gharama nzito zaidi. Kanda yetu ya Ziwa imeona bibi vikongwe wakiuawa kwa sababu ramli iliwataja, mara nyingi kwa ajili ya macho mekundu. Muuguzi yeyote atakuambia: macho yaliyokaa miaka hamsini mbele ya moshi wa kuni na samadi huwa mekundu. Tumeona pia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ahadi za utajiri. Ndiyo maana mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Anayesoma nyota na anayepiga ramli hutofautiana vyombo, lakini wote wawili hukuambia kwamba sababu ya shida yako iko kwa mwingine au kule juu, na kwamba wao tu ndio wanaoiona.

NA WALE MAMAJUSI?

Akina mama wengi hutuuliza: mbona mamajusi waliongozwa na nyota? Ni swali zuri. Someni tena Mathayo sura ya 2 bila haraka. Walipofika Yerusalemu walilazimika kuuliza, na jibu la Bethlehemu lilitoka katika maandiko ya nabii. Nyota ile haikuwapa utabiri wa biashara wala kuwaambia jirani gani ni mchawi. Iliwafikisha kwa Mtoto, wakasujudu, basi. Isaya sura ya 47 inawaonyesha watazamao nyota wakishindwa kujiokoa hata wao wenyewe, na Yeremia sura ya 10 inatukataza kuziogopa ishara za mbinguni kama mataifa mengine yanavyoziogopa.

TUFANYE NINI?

Tukisikia habari ya nyota mpya, tuulize: nani ameiona, iko umbali gani, na tafsiri hiyo inamfaidi nani?

Mjamzito akiumwa sana kichwa, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, akitokwa damu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungoja mwandamo.

Bibi mwenye macho mekundu apelekwe kliniki ya macho, na tumsaidie kupata jiko lisilo na moshi mwingi. Akitajwa vibaya, tumzunguke na tutoe taarifa mapema kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi na kanisa.

Na usiku wa giza, taa za wavuvi zinapojipanga ziwani, tuwatoe watoto nje tuwaonyeshe Kilimia na Zuhura. Tuwaambie majina yake, tuwaambie nani aliziumba. Mtoto aliyezoea kuzitazama nyota akiwa amemshika mama mkono hatishwi nazo kwa urahisi akiwa mkubwa.