Fildi ya Setilaiti kwa Kijana wa Katesh

Tarehe 23 Desemba 2021 setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1B iliacha kuleta picha. Haikugongwa wala haikuanguka. Mfumo wa kuilisha rada yake umeme uliharibika, wataalamu wakahangaika nao kwa miezi, na Agosti 2022 wenyewe wakatangaza kwamba kazi yake imekwisha. Katesh hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifuatilia habari hiyo.

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa kwa mvua ilimeguka. Tope lenye mawe na magogo likateremkia Katesh, Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika majira kama yale mlima huo, wenye zaidi ya mita 3,400, hujifunika mawingu, na setilaiti zinazotegemea mwanga wa jua huambulia weupe mtupu. Rada hupenya mawingu. Sentinel-1 zikiwa mbili, njia ileile inaweza kupitiwa kila baada ya siku 6. Ikibaki moja, ni siku 12. Wakati ule ilikuwa imebaki moja, na ya kuziba pengo haikurushwa hadi Desemba 2024.

Sidai kwamba rada ya pili ingemwokoa mtu yeyote siku ile. Tope halingoji ratiba ya setilaiti. Ninachosema ni kwamba uzima wa chombo kilicho karibu kilomita 700 juu yetu unatuhusu, na wapo watu ambao ajira yao ni kuulinda. Wanafunzi wa takwimu na kompyuta wanaotafuta fildi za mambo ya anga huwaza roketi na mavazi ya wanaanga. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kukaa mbele ya majedwali ya namba na kuuliza kwa nini namba hii imekuja saa hii.

Setilaiti ya aina hiyo huizunguka dunia kwa dakika kama 100. Ikipita juu ya kituo cha ardhini hupata dakika chache, pengine kumi, za kuteremsha mizigo miwili. Wa kwanza ni kile ilichotumwa: picha ya msitu wa Yaeda Chini, tuseme, au ya mashamba ya Basotu. Wa pili ni taarifa zake yenyewe, yaani telemetria: joto la betri, umeme unaotoka kwenye paneli za jua, kasi ya magurudumu yanayoigeuza, shinikizo la fueli kwenye tangi. Chombo kikubwa huwa na vipimo vya namna hiyo maelfu.

Kwa miongo mingi ulinzi umekuwa wa mipaka. Betri ikipanda juu ya kiwango fulani au kushuka chini ya kingine, king'ora kinalia. Ni njia nzuri na haijaachwa. Udhaifu wake ni kwamba nyuzi 15 zinaweza kuwa jambo la kawaida chombo kikiwa juani, na zikawa dalili mbaya kikiwa kwenye kivuli cha dunia. Namba ni ileile, imo ndani ya mipaka, na king'ora kimenyamaza.

Mfugaji wa Kibarbaig hangoji ng'ombe aanguke ndipo ajue ni mgonjwa. Anamjua yule anayetangulia kwenye maji kila siku, na siku akimwona amebaki nyuma anamfuata kumkagua, ingawa mnyama anatembea na anakula. Akili mnemba kwenye uendeshaji wa setilaiti inajaribu kufanya hivyohivyo kwa kila kipimo. Modeli hulishwa miezi mingi ya telemetria, ikajifunza desturi ya kila kipimo, kisha ikawa inabashiri namba inayofuata. Namba halisi ikija mbali na ubashiri, na ikaendelea hivyo, mhandisi anaitwa.

Mwaka 2018 watafiti wa maabara ya JPL ya NASA walichapisha kazi ya namna hiyo, wakaambatanisha na data waliyoitumia, kutoka setilaiti ya SMAP inayopima unyevu wa udongo na gari la Curiosity lililoko sayari ya Mars. Ilikuwa na vipimo 82, na ndani yake hitilafu 105 zilizokwisha kubainishwa na wataalamu. Tangu hapo vijana wa dunia nzima wamejifunzia humo. Baadaye Renjie Wu na Eamonn Keogh wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, wakaonyesha kwamba seti za data za aina hii, hiyo ya NASA ikiwemo, zina kasoro: hitilafu nyingine ziko wazi mno kiasi kwamba mstari mmoja wa programu unazinasa, nyingine zimewekewa alama pasipo pake. Mimi ningempa mwanafunzi asome ukosoaji huo kabla ya kuigusa data yenyewe. Atajifunza mapema kwamba alama za juu za modeli zinaweza kuwa zimetokana na mtihani rahisi.

Ulaya nako, mwaka 2016, Shirika la Anga la Ulaya liliweka hadharani telemetria ya Mars Express, chombo kilichorushwa 2003, likaandaa shindano. Washiriki walipewa miaka mitatu ya Mars na kutakiwa kubashiri, kwa mwaka wa nne, umeme ambao njia 33 za vipasha joto zingetumia. Faida yake ilikuwa ya wazi: ukijua umeme wa joto utakaotumika, unajua unaobaki kwa ajili ya vyombo vya utafiti. Timu ya Taasisi ya Jožef Stefan ya Slovenia ndiyo iliyoshinda.

Sasa, mlango wa fildi uko wapi? Fildi za NASA zinataka uraia wa Marekani, na za shirika la Ulaya ni za raia wa nchi wanachama na washirika wake. Kijana wa Dongobesh mwenye pasipoti ya Tanzania aambiwe hivyo mapema, asipoteze muhula akijaza fomu.

Njia zetu ziko karibu zaidi, na si ngeni. Mapema miaka ya 1960 huko Tunguu, Unguja, kilikuwepo kituo cha Wamarekani cha Mradi wa Mercury, ambako mafundi walisoma telemetria ya vyombo vya wanaanga vilivyopita juu. Kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Pale Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na kituo chao cha ardhini kimekuwa kikipokea data ya setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa Aprili 2023. Waganda watatu walikwenda kusoma Kyushu, Japani, wakashiriki kuunda PearlAfricaSat-1 iliyorushwa Novemba 2022. Wahandisi wetu wanaotamani setilaiti ya Tanzania huzungumzia zaidi siku ya kurusha. Kurusha ni dakika chache. Kuendesha ni miaka, na huko ndiko ajira zilipo.

Kwa hiyo ningependa vyuo vyetu, Nelson Mandela pale Arusha na Chuo Kikuu cha Dodoma vikiwa vya kwanza kwa ukaribu, vikubali fildi ya telemetria inayofanyika kwa data ya wazi chini ya msimamizi anayeijua. Gharama yake ni kompyuta, umeme na bando. Kijana anaweza kuifanyia Haydom. Na akimaliza, ujuzi haumlazimu kungoja setilaiti ya taifa: jokofu la chanjo lenye kihisi cha joto lina telemetria, na kituo cha mvua kwenye miteremko ya Hanang kadhalika. Kipimo cha mvua kilichoziba kwa majani kitaonyesha sifuri siku nzima, na sifuri ni namba iliyo ndani ya mipaka. Modeli iliyozoea mwenendo wa kituo hicho na wa jirani zake itaishuku.

Kwenye ripoti ya fildi, msimamizi asidanganyike na asilimia. Chukua setilaiti yenye vipimo 500, kila kimoja kikisomwa mara moja kwa dakika. Hiyo ni misomo 720,000 kwa siku. Modeli inayokosea mara moja tu katika misomo 1,000 itapiga kengele za uongo 720 kila siku, na kufikia siku ya pili wahandisi wa zamu watakuwa wameizima. Ndiyo maana watu wa JPL walitumia nguvu nyingi kupunguza kengele za uongo, si kunasa hitilafu tu. Mwanafunzi atakayeandika modeli yake iliita mara ngapi bure, saa ngapi za usiku, na alifanya nini ili iite mara chache bila kuikosa hitilafu ya kweli, huyo ningempa alama za juu hata kama alinasa hitilafu chache kuliko mwenzake.